Umetembezwa?

Geti la Sekondari ya Itulilo lilikuwa na adabu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Lilimsalimia kila mtu kwa jina, likasubiri aitikie, kisha likauliza kwa sauti laini ya dada wa redioni, "Umetembezwa?" Mwanafunzi akijibu "Nimetembezwa," geti linalisikiliza vazi lake kwa kitambo kidogo, linaridhika, linafunguka. Miaka yote niliyofundisha pale sikuwahi kusikia jibu jingine. Hata mimi, mwalimu wa michezo, nililijibu hivyo hivyo kila asubuhi huku nimeshika andazi mkononi, na wala sikujisikia vibaya.

Ndiyo maana Tusekile alipojibu vingine, foleni nzima iligeuka kumtazama.

"Habari za asubuhi, Tusekile. Umetembezwa?"

"Nzuri. Nimetembea."

Geti likatafakari. "Sijakuelewa. Umetembezwa?"

"Nimetembea. Kutoka nyumbani mpaka hapa, kwa miguu yangu. Kama huamini, angalia viatu."

Viatu vyake kweli vilikuwa tope tupu mpaka kwenye kamba, lakini geti letu halikuwa na macho. Lilikuwa na masikio tu, na hayo masikio yalisikiliza mavazi. "Vazi lako lina siku moja tu tangu muhula uanze," likasema kwa upole uleule, mbele za watu. "Rudi nyumbani ukapumzike. Mkaguzi wa Mwendo ameshaarifiwa. Pole kwa usumbufu."

Nyuma yake Sekela alikuwa anashuka kwenye pikipiki ya mjomba wake, kama desturi yake. Sekela ni mtoto mzuri, ila tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akifanya haraka kwa jambo lolote lisilo la kula. "Tuse, hebu lijibu linavyotaka tuingie," akalalamika. "Mvua hiyo inakuja."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Uongo kwa geti?"

"Uongo ni uongo, Sekela. Hauangalii unaambiwa nani."

Nikamwingiza Tusekile kwa mlango mdogo wa watu wa jikoni. Nilijua jambo hilo halitaishia kwenye kuloana. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia, na sheria ilikuwa wazi: asiyetembezwa hafanyi mtihani. Anapelekwa Kambi ya Mwendo, anakaa mwaka mzima, anarudi na misuli ya kutosha huku wenzake wameshamwacha. Na Tusekile alikuwa na hamu ya kusomea volkano. Wilaya yetu yote ya Rungwe imekaa juu ya volkano, aliniambia, na tangu mimi msichana hakuna mtu aliyepanda kwenda kuitazama kwa macho yake.

*

Cheo changu kinadanganya, kwa hiyo niseme kazi yangu ilikuwa nini. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeanika mavazi.

Huku kwetu mvua ikianza haijui kuacha, na vazi likiwa bichi halichaji. Nilikuwa na chumba kilichokuwa zamani stoo ya mipira, kikatiwa jiko la umeme na kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya kamba hizo mavazi ya shule nzima yalining'inia, miguu kwa mikono, kama darasa lililoyeyuka likaacha ngozi. Vazi lenyewe ni jepesi, linabana kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na mtoto huvaa sare juu yake. Ndani kuna nyuzi zinazopitisha umeme mdogo, na nyuzi hizo huiambia misuli, huu kaza, huu legeza, kwa zamu. Mtoto amekaa anasoma aljebra, mapaja yake yanapanda mlima. Moyo unafanya kazi, jasho linamtoka, damu inazunguka vizuri. Yeye mwenyewe hana habari.

Walilibuni kwa ajili ya wagonjwa wa kitandani. Mgonjwa wa namna hiyo akishtuka ghafla anaweza kujiumiza, basi vazi lilifundishwa kutuliza kila mwendo ambao halikuuagiza lenyewe. Lilipoletwa mashuleni hakuna aliyekumbuka kuliondolea somo hilo. Kwa hiyo kijana aliyevaa vazi akitaka kuruka, vazi linambembeleza asiruke, taratibu, kama mtoto mchanga anavyonyamazishwa. Baada ya muda anaacha kutaka.

Lakini sitaki kulisingizia. Vazi lilituokoa. Bibi yangu alichota maji mtoni na kupanda nayo kilima, mama yangu alitembea kwenda shule na kurudi, nami nilicheza rede mpaka nilipovunja ungo. Siku ile ile wakubwa wakaniambia, "Wewe mtu mzima sasa, acha kurukaruka." Nikaketi. Wasichana ndio tuliotangulia kuketi, tena kwa kuamriwa. Wavulana walitufuata baadaye kwa hiari yao, viwanja vilipojengwa maduka na kila kitu kizuri kikawa ndani ya kioo. Nilipoanza ualimu nilikuta watoto wa miaka kumi na minne wanahema kwa kupanda ngazi za maktaba, na wengine wanatembea na dawa za sukari kwenye mkoba wa daftari. Halafu likaja vazi. Wilaya nzima ikapona ikiwa imekaa.

Tusekile aliponea chupuchupu kuwa kama wenzake. Vazi lake liliingia maji mwanzoni mwa muhula likafa. Fundi wa Mbeya alisema anakuja, akawa anakuja, anakuja; siku zote hizo nilimpitisha mlango wa jikoni. Binti akabaki ananisaidia kuanika, ananiuliza maswali, na mimi kwa uchovu wa kukaa na nguo nikamwambia habari za rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja huku mmoja kule. Wa katikati anakwepa, na huku anakwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa anapaza sauti, "Rede!" na ameshinda. Mpira ukimgusa kabla ya hapo, ametoka.

"Mpira wa nini?" akauliza.

"Soksi iliyojazwa matambara."

Akaliangalia vazi lake lililokufa, akanitazama, nami nikajifanya sioni. Mpira alioshona kwa lile vazi ulikuwa mpira wa ajabu, kwa sababu nyuzi zilikuwa bado na chaji kidogo. Ukikupiga, unakutekenya mpaka kwenye meno.

Siku za mwanzo alikuwa kichekesho. Alikuwa na mapaja ya mkimbiaji na hakujua kuyatumia; ni mtu aliyerithi gari hajawahi kushika usukani. Aliruka akaangukia pembeni, alikwepa mpira akakumbatia ukuta. Alicheka sana, na mimi nilicheka zaidi. Kisha siku moja nilimrushia mpira wa kiunoni na hakuufikiria kabisa. Mwili wake uliupisha, mkono wake haukuacha kuzoa mchanga, na macho yake yalikuwa kwenye chupa. Nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile tangu utotoni, na nilikuwa nimesahau kwamba ni kizuri.

Vazi jipya lilipofika alilivaa siku moja tu. Alirudi kwangu machozi yanamtoka. "Mwalimu, nimeshindwa kuruka mfereji. Ule mdogo wa nyuma ya maabara. Nimesimama, nimetaka, miguu imekataa." Akalivua, akalitundika kwenye kamba, na hapo ndipo lilipokaa.

Sasa, baada ya aibu ya getini, nililitungua nikalikunja vizuri.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Hili nitalivaa mimi nyumbani. Kila jioni, mpaka lijae. Geti halina macho. Utafanya mtihani wako, basi."

Akaanza kutabasamu. "Yaani wewe utembezwe, mimi nihesabiwe?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hapo mimi nitakuwa nimetembelewa."

Nikacheka mpaka nikashika jiko. Lakini yeye alikuwa amelichukua lile vazi mikononi mwangu na kulirudisha kwenye kamba, kwa heshima, na vibanio viwili ili lisianguke. "Asante, Mwalimu. Najua unanipenda. Ila nikiingia kwa uongo, siku nyingine nikisema kweli nani ataniamini?" Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilijisikia nimesimamishwa kona ya darasa, na nilistahili.

*

Mkaguzi wa Mwendo alifika kesho yake kabla ya saa nne. Nilitegemea mtu mkali. Akaja mzee mpole mwenye mvi, Daktari Mwambipile, amevaa vazi chini ya shati lake kwa kuonyesha mfano, akatusalimia wote mpaka wapishi. Ubaya wa mtu mwema ni kwamba huwezi kumchukia ukapumzika.

"Shikamoo, Daktari," akasema Tusekile.

"Marahaba, binti. Kaa."

"Naweza kusimama?"

Daktari akatabasamu kidogo. Akampima mapigo ya moyo, akampima pumzi, akambonyeza miguu. "Huyu ni mzima kuliko shule nzima," akaniambia, kana kwamba uzima huo ndio tatizo. "Na vazi linasema ndiye mvivu kuliko wote wilayani. Vazi halidanganyi, Mwalimu. Linahesabu kile lilichokifanya lenyewe tu. Hatukulifundisha kingine."

"Basi ruhusu afanye mtihani," nikasema.

Akavua miwani. "Mwalimu Subilaga, wewe hukukaa wodi ya vijana miaka ile. Mimi nilikaa. Niliwachoma sindano watoto wa kidato cha kwanza, kitanda kwa kitanda. Nimewashika mikono wazazi nikakosa la kuwaambia. Tuliwahubiria watembee. Tuliwapa mipira. Tuliwapa kanda za kuwahimiza, mabango, zawadi. Walikaa. Vazi ndilo lililoifunga wodi ile." Akamgeukia Tusekile. "Nikikuruhusu wewe, kesho wenzako wote watavua. Na wakivua hawatacheza huo mchezo wako. Watakaa. Niambie kama nakosea."

Kupitia dirishani nilimwona Sekela kwenye benchi, amejinyoosha, anakula hindi la kuchoma huku vazi likimkimbiza marathoni. Sikuweza kusema kwamba Daktari anakosea.

Tusekile naye akamtazama Sekela kupitia dirisha. "Sijui, Daktari. Siwezi kuwajibia wengine."

"Hilo ndilo tatizo langu. Mimi lazima niwajibie."

Mlango ukagongwa, akaingia Lugano bila kungoja karibu. Lugano alizaliwa na miguu isiyokaza. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mrefu kuliko mama, kisha vazi likaja, akasimama, na tangu siku hiyo hajapita mahali bila kuhakikisha watu wote wamemwona anapita. Aliiva kwa kusikiliza dirishani, hilo halikuwa siri.

"Shikamoo, Daktari. Mimi ndiye yule mnayemwonyesha kwenye matangazo."

"Marahaba, Lugano. Nakufahamu."

"Nimekuja kusema mimi sina ugomvi na vazi langu. Atakayeligusa tutaonana wabaya." Akamwonyesha Tusekile kwa kidole. "Lakini huyu hajagusa langu. Amevua lake. Kwani kuna ubaya gani, mimi nitembezwe kwa sababu nahitaji, yeye atembee kwa sababu anaweza?"

"Ubaya ni wale wa katikati," akasema Daktari polepole. "Wanaoweza na hawataki."

Hapo ndipo Tusekile aliposema kitu ambacho mimi mwalimu wa michezo sikuwa nimekifikiria kwa miaka yote hiyo. "Daktari, mliwapa mipira. Kuna mtu alicheza nao?"

"Walipewa bure, wakaiacha nje."

"Namaanisha nyinyi wakubwa. Kuna aliyecheza nao?"

Daktari akarudisha miwani yake usoni.

*

Uwanja wetu wa mpira ulikuwa umegeuka maegesho, isipokuwa kipande kimoja kilichobaki kwa sababu kinatuamisha maji. Tusekile akamwaga mchanga wa mtoni katikati, akasimamisha chupa ya soda, akasogeza sketi yake vizuri juu ya kaptula. Shule nzima ikatoka kutazama. Lugano akajitangaza refa.

Daktari alisema anataka kuona, ndivyo alivyosema, kuona tu. Nikawaita wawili wa kidato cha nne warushe. Wa kwanza akauinua mkono, mkono wenye misuli kama ya mchimba mgodi, na mpira ukaanguka kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe. Vazi lilikuwa limeutuliza mkono njiani. Wa pili ikawa hivyo hivyo. Wanafunzi wakaangua kicheko, na Tusekile katikati akaendelea kuzoa mchanga bila wasiwasi, akiimba taratibu.

"Hii si haki!" Sauti ile ilitoka kwenye benchi. Sekela alikuwa amesimama, na hilo peke yake lilikuwa habari. "Anajaza hakuna anayempiga! Leteni huo mpira." Akaenda nyuma ya ukuta, akarudi vazi lake liko begani kama taulo, akaurusha mpira kwa nguvu zake zote. Ulikwenda kusikojulikana, ukampiga mpishi. Mpishi akatekenywa akapiga yowe. Sekela akabaki ameutazama mkono wake kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua.

Kuanzia hapo sikuweza tena kusimamia kitu. Wakavua mmoja baada ya mwingine, wakarusha vibaya, wakakimbilia mpira vibaya, wakaanguka, wakainuka na matope. Na katikati yao wote Tusekile alikuwa anawapisha. Nimeona vitu vingi vya kusifiwa maishani, lakini sijui kama nimewahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule binti. Mpira wa kichwani aliinama akiwa amejaza kiganja. Mpira wa miguuni aliruka na chupa mkononi, mchanga usimwagike. Hakuwa na nguvu kuwazidi; wote walikuwa na misuli ileile ya serikali. Yeye alikuwa anaijua ya kwake.

Daktari alikuwa ameacha kutazama kwa utulivu. Alikuwa anasogea upande huu, anasogea upande ule. "Mnarusha ovyo," akasema mwisho, kwa uchungu kabisa. "Anaegemea kushoto kila anapozoa, hamwoni? Dada zangu walikuwa hivyohivyo." Akamwachia Lugano koti. Akaingia kwangu chumba cha kuanikia, akatoka amebaki na shati na suruali, mzee mzima, mikono myembamba.

Aliurusha chini chini, upande wa kushoto, wakati Tusekile ameinama. Ulikuwa mpira mbaya sana. Ulikuwa mpira wa mtu aliyelelewa na dada watatu.

Tusekile hakuwa na pa kwenda, basi akaenda juu. Aliruka akiwa amekunja miguu, mpira ukapita chini yake ukikwangua mchanga, akatua, akamimina kiganja cha mwisho.

"Rede!"

Daktari Mwambipile alikuwa ameshika magoti, anahema, anacheka, shati limemgandia mgongoni kwa jasho. "Tena," akasema. "Nirudishie mpira. Tena."

*

Alipoondoka mchana ule, tulimsindikiza mpaka getini. Alikuwa amejisahau.

"Kwaheri, Daktari Mwambipile," likasema geti. "Umetembezwa?"

"Nime..." Akajipapasa kifuani. Vazi lake lilikuwa kwenye kamba yangu. "Nimecheza," akasema.

"Sijakuelewa. Umetembezwa?"

Lugano akajitolea kwenda kulileta, akageuka kwa mbwembwe zake, lakini Daktari akamshika bega. Alikuwa analitazama geti kwa namna mtu anavyomtazama mtoto wake aliyemjibu vibaya mbele ya wageni kwa maneno aliyoyaokota nyumbani.

"Mwalimu, hili geti maneno linafundishwa na nani?"

"Na wewe, Daktari. Wilayani kwako."

Kisha akaweka kidole gumba kwenye kibati cha pembeni. "Jifunze neno," akaliamuru.

"Niko tayari. Neno gani?"

Akampa Tusekile nafasi kwa mkono. Tusekile akasogea, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. "Nimetembea," akasema.

"Nimetembea. Neno hili ninalipimaje?"

"Hulipimi," akasema Daktari. "Unaamini."

Nadhani hakuna aliyewahi kuliambia geti vile. Daktari akatugeukia, na ule upole wake ulikuwa na mfupa ndani. "Sikilizeni. Kesho asubuhi nitasimama hapa mwenyewe. Nikimsikia mmoja tu, mmoja, anasema neno hili na ni uongo, nalifuta palepale. Na Tusekile atachagua, vazi au Kambi. Ikipita salama, neno linabaki na binti anafanya mtihani. Siwezi kukupeni zaidi ya hapo. Bado naiota ile wodi."

"Inatosha, Daktari," akasema Tusekile. Mimi niliona haitoshi hata kidogo. Nilikuwa nimewaona wangapi wamevua, na nilikuwa nawajua.

*

Asubuhi mvua haikunyesha. Nilipanda kilima kwa miguu, bila vazi, na kufika katikati nilikuwa nimeshamlaani kila aliyechagua kujenga shule juu. Daktari alikuwa amefika, amesimama kando ya geti, mikono nyuma.

"Habari za asubuhi, Tusekile. Umetembezwa, au umetembea?"

"Nzuri. Nimetembea."

"Karibu."

Likafunguka. Hakuingia mbali, aligeuka akasimama ndani ya geti akiwatazama wenzake. Wengi walikuwa wamevaa tena, wakasema "Nimetembezwa" kwa haya kidogo, wakapita. Wachache walikuja na viatu vya tope wakasema lile neno jingine kwa kunong'ona. Lugano akafika, akasafisha koo.

"NIMETEMBEZWA!" akatangaza, kilima kizima kikasikia.

"Karibu, Lugano," likasema geti, kwa adabu ileile, na akapita kama bwana harusi.

Halafu nikasikia pikipiki.

Nilitaka kufumba macho. Sekela alishuka mbele ya geti, mbele ya Daktari, mbele ya wote, mkoba mgongoni, na chini ya sare hakuwa na vazi. Lilikuwa bado kwangu, kwenye kamba. Mjomba wake akageuza akaondoka. Wala hakujua amefanya nini.

"Habari za asubuhi, Sekela. Umetembezwa, au umetembea?"

Akafungua mdomo. Akamwona Daktari. Akamwona Tusekile ndani ya geti, na Tusekile hakumkonyeza wala hakumsihi, alimtazama tu kama rafiki anavyomtazama rafiki. Kengele ilikuwa karibu kulia. Neno lilikuwa moja, na geti lingeliamini.

"Ngoja," Sekela akaliambia geti. "Narudi."

Akageuka. Akaanza kushuka kilima kwa miguu yake, polepole, huku anajishikilia kwenye migomba ya pembeni, mpaka akapotea kwenye kona ya chini. Kengele ikalia, hakuna aliyekwenda darasani, na mimi mwalimu wa zamu sikumkumbusha mtu.

Alichukua muda mrefu. Tulimwona kwanza kichwa, kisha mabega. Alisimama mara nyingi, alikaa mara moja, akainuka. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Alipofika juu uso ulikuwa umelowa, na pumzi yake ilisikika mpaka tuliposimama.

"Habari, Sekela," likasema geti. "Umetembezwa, au umetembea?"

Akajaribu. Hakukutoka neno, ulitoka upepo tu.

"Sijakuelewa," likasema geti. "Umetembezwa, au umetembea?"

Akatikisa kichwa, akashika mbavu, akamtazama Tusekile. Na Tusekile, aliyekuwa amesema jana kwamba hawezi kuwajibia wengine, akajaza mapafu.

"Ametembea!"

"Ametembea!" akadakia Lugano, na foleni, na wapishi kule mlango mdogo, na Daktari Mwambipile amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Andazi langu likaanguka kwenye tope, na sikuinama kuliokota mpaka nilipoona geti limefunguka.